Namna ya Kudai Nafasi katika Mtandao wa Kampuni Kubwa ya Simu

Gharama kubwa kuliko zote katika biashara ya simu na intaneti ya kasi si mitambo wala programu, bali ni kuchimba mitaro, kulaza mabomba, kusimika nguzo na kufikisha waya katika nyumba ya kila mteja. Kazi hiyo mara nyingi ilifanywa miaka mingi iliyopita na kampuni iliyokuwa peke yake sokoni, pengine kwa fedha za umma, na ni vigumu kwa mshindani mpya kuirudia mtaa kwa mtaa kisha auze kwa bei ambayo wateja wataikubali. Ndiyo maana sheria za nchi nyingi huitaka kampuni yenye mtandao huo iwafungulie washindani wake sehemu fulani za mtandao kwa malipo. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtoa huduma mdogo ambaye tayari ana leseni na sasa anataka kuitumia haki hiyo.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba kampuni kubwa ni nadra sana kusema "hapana". Husema kwamba fomu imekosewa, kwamba mhandisi anayehusika yuko safarini, kwamba nafasi katika kituo cha simu inafanyiwa tathmini, au kwamba bei itatolewa baada ya bodi kukutana. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwombaji haiko katika kuthibitisha kwamba ana haki, kwa kuwa haki hiyo kwa kawaida imekwisha kuandikwa. Iko katika kuhesabu siku, kutunza maandishi na kuipima bei kwa hesabu ambayo mtu wa tatu anaweza kuikagua.

Amua kwanza unaomba tabaka gani

Mtandao una matabaka, na kosa la kawaida ni kuomba "kutumia mtandao" kwa jumla bila kutaja tabaka. Chini kabisa kuna mabomba ya ardhini, nguzo na minara. Juu yake kuna nyuzi za faiba ambazo hazijafungwa mitambo, ambazo mpangaji hufunga mitambo yake mwenyewe katika ncha zote mbili. Kisha kuna laini ya mteja, yaani ule waya unaotoka kituo cha simu hadi nyumbani, ambao kampuni ndogo inaweza kuukodi peke yake na kuuunganisha na mitambo yake iliyowekwa ndani ya kituo hicho. Juu zaidi kuna huduma ya jumla iliyokwisha kuwashwa, ambapo kampuni kubwa huendesha kila kitu na mwombaji hupokea data za wateja wake mahali pamoja palipokubaliwa. Na mwisho kabisa kuna kuuza upya, ambapo mwombaji hubadilisha jina tu kwenye ankara.

Kadiri unavyoshuka chini ndivyo unavyohitaji mtaji zaidi, na ndivyo unavyopata uhuru zaidi wa kupanga kasi, ubora na bei. Kwa maoni yangu, anayeweza kumudu apambanie mabomba na nguzo kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu bomba halizeeki kwa kasi ya teknolojia, na aliye ndani ya bomba hamtegemei mshindani wake kila anapotaka kumwongezea mteja kasi. Ureno na Ufaransa ni miongoni mwa nchi za Ulaya zilizowawezesha washindani kupitisha faiba zao katika mabomba ya kampuni kongwe ya simu, na matokeo yake ni kwamba faiba za makampuni kadhaa zilienea katika maeneo ambayo kila kampuni peke yake isingeyafikia. Anayeanza na wateja wachache waliotawanyika, hata hivyo, atafilisika akianzia chini. Huyo achukue huduma ya jumla iliyokwisha kuwashwa, kisha ashuke tabaka moja baada ya jingine pale wateja wanapokuwa wengi katika eneo moja.

Muunganisho wa mitandao, yaani kuwezesha simu ya mteja wako kumfikia mteja wa kampuni nyingine, ni jambo tofauti na linapaswa kuombwa kwa barua yake. Huu si upangaji, kwa kuwa kila upande unamhitaji mwenzake. Ikumbukwe pia kwamba katika kupokea simu kila kampuni, hata iliyo ndogo kabisa, ni mhodhi kwa wateja wake yenyewe, maana hakuna njia nyingine ya kumfikia mteja huyo kwa namba yake. Ndiyo sababu wadhibiti wengi, yaani mamlaka zinazosimamia mawasiliano, huweka ukomo wa ada ambayo kampuni huitoza kampuni nyingine kwa kupokea simu zake, na ukomo huo huwa kwa makampuni yote, na mtoa huduma mdogo anayedai haki kwa mkubwa huku naye akitoza ada ya juu isiyo na maelezo hudhoofisha hoja yake mwenyewe.

Fahamu wajibu unatoka wapi

Kuna njia mbili za kisheria, na zinatofautiana sana kwa nguvu. Ya kwanza ni kanuni za sekta, ambazo mdhibiti wa mawasiliano huziweka kabla ya kosa kutendeka. Hapa mdhibiti huchunguza soko, huitangaza kampuni fulani kuwa na nguvu kubwa sokoni, kisha huipa majukumu yaliyoandikwa: kufungua mtandao, kutobagua, kuchapisha masharti na bei, kutenganisha hesabu za biashara ya jumla na za rejareja. Ya pili ni sheria ya jumla ya ushindani, ambayo huadhibu matumizi mabaya ya nguvu ya soko baada ya kutendeka.

Tegemea ya kwanza kila inapowezekana. Marekani imetoa funzo zuri kuhusu jambo hili. Mwaka 1983 mahakama ya rufaa, katika shauri la makampuni ya simu, MCI dhidi ya AT&T, iliweka vigezo vinne vya kuilazimisha kampuni hodhi kufungua miundombinu yake: iwe inaimiliki au kuidhibiti, mshindani asiweze kwa hali halisi kujenga nyingine, awe amekataliwa kuitumia, na kuwe na uwezekano wa kumpa nafasi. Lakini mwaka 2004, katika shauri la Trinko, Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo ilikataa kuligeuza kosa la kukiuka majukumu ya sheria ya simu kuwa kosa la sheria ya ushindani, na mwaka 2009, katika shauri la linkLine, ikasema kwamba kampuni isiyo na wajibu wa kumuuzia mshindani chini ya sheria ya ushindani haiwezi kushtakiwa kwa sababu tu bei zake za jumla na za rejareja zinambana mshindani huyo. Mahakama za Ulaya zimechukua mwelekeo mwingine, kama tutakavyoona katika suala la bei. Mwombaji asiyejua yuko katika mfumo upi anaweza kutumia miaka mahakamani akidai kitu ambacho mdhibiti angempa kwa amri moja.

Panapokuwa na shaka kuhusu kanuni za nchi, angalia kama nchi hiyo imekubali waraka rejea wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu mawasiliano ya simu, uliotokana na mazungumzo yaliyokamilika Februari 1997. Waraka huo ni mfupi, lakini una mambo mazito: muunganisho na mtoa huduma mkuu katika sehemu yoyote inayowezekana kiufundi, bei zinazozingatia gharama, vipengele vilivyotenganishwa ili mwombaji asilipie asichokihitaji, masharti yaliyo wazi, na chombo huru cha kusuluhisha migogoro ndani ya muda unaofaa. Sio maneno matupu, kwa kuwa mwaka 2004 jopo la shirika hilo liliamua, kwa malalamiko ya Marekani, kwamba Mexico haikuwa imehakikisha bei za muunganisho wa simu za kimataifa zinazozingatia gharama. Kampuni haiwezi kufungua shauri huko, kwani ni serikali tu zinazoweza kufanya hivyo, lakini kuutaja waraka huo katika barua kwa mdhibiti huonyesha kwamba unachodai ni ahadi ambayo nchi imekwisha kuitoa.

Andika ombi lisilo na tundu

Anza kwa kutafuta waraka wa masharti ambao kampuni kubwa hutakiwa kuuchapisha, wenye orodha ya huduma za jumla, bei, muda wa utekelezaji na fidia za kuchelewa. Ukiwapo, andika ombi lako kwa maneno ya waraka huo huo, kifungu kwa kifungu, ili asitokee mtu wa kusema hakuelewa unachotaka. Usipokuwapo ilhali kanuni zinautaka, hilo lenyewe ni ukiukaji, na barua ya kwanza kwa mdhibiti iende siku hiyo hiyo bila kusubiri mgogoro mwingine.

Ombi litaje huduma, vituo au njia kwa ramani au namba zake, idadi ya laini au urefu wa bomba, unene wa waya utakaopitishwa, vifaa vitakavyowekwa pamoja na umeme na nafasi vinavyohitaji, tarehe unayotaka kuanza, na makadirio ya miezi kumi na miwili ijayo. Ambatanisha leseni na bima. Kisha omba mambo matatu kwa maandishi: uthibitisho kwamba ombi limepokelewa na limekamilika, jina la ofisi itakayolishughulikia, na, endapo litakataliwa, sababu za kukataliwa.

Uthibitisho wa ukamilifu ndio wenye thamani kubwa, kwa sababu muda wa kisheria mara nyingi huanza kuhesabiwa pale ombi linapokuwa kamili, wala si pale linapofika. Kampuni inayotaka kuchelewesha huligundua pengo dogo siku ya mwisho na kuirudisha saa mwanzoni. Kwa hiyo maliza barua yako kwa kusema kwamba utalichukulia ombi kuwa kamili iwapo hutaelezwa upungufu wowote ndani ya muda uliowekwa na kanuni, au, kama kanuni ziko kimya, ndani ya muda ambao wewe mwenyewe umeutaja.

Omba pia taarifa za miundombinu kabla ya kuomba nafasi yenyewe, ikiwa kanuni zinaruhusu. Anayeomba kilomita za bomba bila kujua lipi limejaa humpa mwenye bomba sababu halali ya kumkatalia. Jibu la "hakuna nafasi" likija, omba ukaguzi wa pamoja. Inawezekana kabisa bomba linalosemwa limejaa likawa limejaa nyaya za zamani zisizotumika, na hapo swali linakuwa ni nani agharimie kuzitoa.

Hesabu siku

Fungua daftari au jedwali la kompyuta siku ile ile barua inapoondoka. Kila safu iwe na tarehe, aliyewasiliana, alichosema, alichoahidi na siku ya kutimiza. Mazungumzo ya simu yafuatiwe na barua pepe inayosema "kama tulivyokubaliana leo". Inachosha, tena inaonekana kama ukosefu wa imani kwa watu ambao huenda mtafanya nao kazi kwa miaka mingi, lakini hakuna ushahidi mwingine utakaokuwa na uzito huo.

Mfano bora wa thamani ya kumbukumbu za aina hii ni uamuzi wa Tume ya Ulaya wa Juni 2011 dhidi ya Telekomunikacja Polska ya Poland. Kampuni hiyo haikuwa imetangaza kwamba haitafungua mtandao wake. Tume ilibaini kwamba ilipendekeza masharti ya mkataba yasiyofaa, ikarefusha mazungumzo, ikakataa maombi ya laini na ya nafasi vituoni, na ikatoa taarifa zisizotegemeka kwa washindani waliohitaji kupanga biashara zao. Faini ilizidi euro milioni 127, na mahakama za Umoja wa Ulaya hazikuiondoa. Hakuna tendo moja kati ya hayo ambalo peke yake lingeonekana kuwa kosa kubwa. Yalipopangwa kwa mfululizo wa tarehe ndipo sura ya jambo ilipoonekana.

Muda wa kisheria hutofautiana, na ni lazima uujue wa nchi yako kwa hesabu ya siku. Katika sheria ya mawasiliano ya Marekani ya mwaka 1996, upande wowote unaweza kuiomba tume ya jimbo usuluhishi kuanzia siku ya 135 hadi siku ya 160 baada ya kampuni kongwe kupokea ombi, na tume inapaswa kumaliza ndani ya miezi tisa tangu siku ya ombi. Anayezembea hadi siku ya 161 amekosa dirisha hilo. Katika maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 kuhusu kupunguza gharama za mitandao ya kasi, mmiliki wa miundombinu, akiwemo wa umeme au maji, alitakiwa kutoa sababu za kukataa kwa maandishi ndani ya miezi miwili. Kumbuka hilo la umeme na maji, kwa kuwa mara nyingi nguzo iliyo rahisi zaidi kupatikana si ya mshindani wako wa simu.

Pima bei kwa hesabu ya mtu wa tatu

Kusema bei ni kubwa hakutoshi. Swali ambalo mdhibiti ataliuliza ni hili: je, kitengo cha rejareja cha kampuni kubwa yenyewe, kama kingelazimika kulipa bei ile ile ya jumla unayotozwa wewe, kingeweza kuuza kwa bei inayouzia sasa bila hasara?

Chukulia bei ya rejareja kwa mwezi kuwa 100. Kodi ya laini ni 55. Ada ya kuunganisha, inayolipwa mara moja, ni 240, nawe unaigawanya kwa muda ambao mteja wa kawaida hukaa. Akikaa miezi 24, ni 10 kwa mwezi. Nafasi kituoni na waya wa kutoka kituoni hadi kwako, ikigawanywa kwa idadi ya wateja, ni 8. Jumla ya malipo yako kwa kampuni kubwa ni 73, zinabaki 27. Ikiwa matangazo, ankara, huduma kwa wateja na intaneti ya nje vinaigharimu kampuni kubwa 31 kwa kila mteja wake, basi nayo ingepata hasara ya 4 kila mwezi, na hapo kuna mbano, yaani pengo kati ya bei ya jumla na ya rejareja halitoshi. Lakini tazama: akikaa mteja miezi 40, ada ya kuunganisha inakuwa 6, zinabaki 31, na mbano umetoweka. Ndiyo maana upande wa pili hauna haja ya kubishana nawe kuhusu kodi ya laini. Utabishana kuhusu muda wa mteja kukaa, na ni lazima uwe na takwimu zako za wateja wanaoondoka kila mwezi.

Hesabu hii itumie gharama za kampuni kubwa, wala si zako, kwa sababu sheria hailindi uzembe wa kampuni ndogo. Tume ya Ulaya iliitumia dhidi ya Deutsche Telekom mwaka 2003, ilipokuta kwamba kwa miaka kadhaa washindani walitozwa kwa laini ya mteja zaidi ya kile ambacho kampuni hiyo iliwatoza wateja wake wa mwisho, na kwamba hata tofauti ilipogeuka haikutosha kufidia gharama za rejareja za kampuni yenyewe. Faini ilikuwa euro milioni 12.6, na mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaithibitisha. Gharama za mshindani wako hutazipata zote, lakini hesabu zilizotenganishwa zikichapishwa zitakusaidia, na penye pengo mwombe mdhibiti azidai yeye.

Jihadhari na hoja kwamba mshindani alipe pia faida ambayo kampuni kubwa ingeipata kama mteja asingehama. Baraza la Faragha (Privy Council) mjini London, lililokuwa wakati huo mahakama ya mwisho ya rufaa kwa New Zealand, liliona mwaka 1994, katika shauri la Clear dhidi ya Telecom ya New Zealand, kwamba sheria ya ushindani ya nchi hiyo haikuikataza kampuni kutoza kwa msingi huo. Hoja hiyo ina mantiki pale ambapo bei ya rejareja tayari imeshushwa hadi gharama. Pasipokuwa hivyo, mshindani anafanywa mlinzi wa faida ya mhodhi. Ijibu kwa kuomba bei ya gharama za muda mrefu za mtandao uliojengwa kwa ufanisi.

Masharti yasiyo ya bei

Usawa wa bei bila usawa wa huduma hauna maana. Dai kwamba laini yako iwashwe, irekebishwe na ijaribiwe kwa mifumo ile ile na kwa muda ule ule unaotumika kwa kitengo cha rejareja cha kampuni yenyewe, na kwamba takwimu za pande zote mbili zichapishwe. Uingereza ililifanya jambo hili kuwa la kimuundo mwaka 2006, kampuni kongwe ya simu, BT, ilipounda Openreach kama kitengo kinachowahudumia washindani na BT yenyewe kwa masharti sawa. New Zealand ilikwenda mbali zaidi mwaka 2011, Chorus, yaani sehemu yenye mtandao, ilipotenganishwa kabisa na Telecom. Mahali ambapo hakuna utengano wa aina hiyo, mkataba wako ndio ukuta pekee.

Ndani ya mkataba huo weka kifungu cha usiri. Ombi lako linaeleza utauza wapi, lini na kwa wateja wangapi, na taarifa hiyo ikivuka meza hadi kwa wauzaji wa rejareja, mabango yao yatatangulia mafundi wako. Weka fidia ya kuchelewa inayolipwa yenyewe bila kudaiwa. Weka wajibu wa kutoa taarifa mapema kabla kituo hakijafungwa au nyaya za shaba hazijaondolewa. Kuhusu kuhama kwa mteja, hakikisha anaanzisha uhamisho kwako, wala si kwa anayemwacha, na kwamba namba yake inamfuata; mteja anayelazimika kupiga simu kwa kampuni anayoiacha atapewa punguzo ambalo hakuwahi kulisikia siku zote alizolipa kikamilifu.

Kwenda kwa mdhibiti

Usiende na hasira wala na orodha ndefu. Peleka malalamiko mawili au matatu, kila moja likiwa na kifungu kilichovunjwa, tarehe kutoka kwenye daftari lako, hesabu yako ya bei na amri unayoiomba. Amri iwe mahususi: laini ngapi, kituo kipi, siku ngapi, bei ipi. Omba pia amri ya muda, ili huduma ianze kwa bei ya kukadiria na tofauti irudishwe baadaye, kwa kuwa kampuni kubwa inaweza kusubiri uamuzi kwa mwaka mzima bila kutetereka ilhali wewe unalipa mishahara.

Ukishinda, amri itataka taarifa za utekelezaji. Endelea kujaza daftari lile lile, linganisha muda halisi wa kila laini na muda ulioamriwa, na peleka nakala kwa mdhibiti kila mwezi hata pale ambapo mambo yanakwenda vizuri, kwa sababu mwezi yatakapoanza kwenda vibaya utakuwa na kipimo cha kulinganishia.